UZI: Kidato cha nne wanakariri CIF bila kuijua. Mimi sasa nawafuatisha mzigo mmoja tangu kiwandani hadi dukani

MwalimuWaShehena

Habari za jioni, wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nafundisha Commerce kidato cha tatu na cha nne katika shule moja ya kata, huu ni mwaka wangu wa tisa. Miaka michache iliyopita, wiki mbili kabla ya mtihani wa utamilifu, nilikuwa narudia mada ya biashara ya nje. Nikamsimamisha kijana mmoja aeleze CIF. Akaitiririsha yote: bei ya bidhaa, bima, na nauli ya meli hadi bandari ya mnunuzi. Kiingereza safi, hakukosea hata neno. Nikampongeza. Kabla hajakaa akauliza: "Mwalimu, hiyo CIF analipwa nani?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu darasa zima halikujua, na wote walikuwa na maana ileile kwenye madaftari. Mama yake kijana huyo anauza mitumba gulioni. Kila wiki anafungua belo lililovuka bahari na mtoto anamsaidia kupanga nguo, lakini hakuna siku niliyomwambia kwamba lile belo ndiyo mada yenyewe. Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Tangu hapo mada yote naifundisha kwa mzigo mmoja. Tunachukua mabegi ya shule 1,000 kutoka Guangzhou hadi duka la Kariakoo. Bei tunaitunga, lakini hatua ni zile za kweli. Darasa linagawanywa: kiwanda, mnunuzi, benki ya huku na ya kule, kampuni ya meli, bima, forodha, wakala wa forodha. Kila kundi linatengeneza karatasi zake kwa mkono: profoma (ankara ya awali), ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha bima, cheti cha uasilia (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani), tamko la forodha, na hati ya shehena, ile ambayo watu wa bandarini wanaiita BL.

Kwenye BL ndipo mwanga ulipoingia. Kitabu kinasema BL ni stakabadhi ya kupokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kusafirisha, na ni hati ya umiliki. Miaka yote nilikuwa naandika mambo hayo matatu ubaoni na kupita. Safari hii kundi la meli lilikaa na begi moja mezani, nikawaambia: mzigo mtampa yule tu atakayewaletea karatasi hii halisi. Mnunuzi akaja mikono mitupu akidai begi lake. Wakamkatalia. Akaenda benki, benki wakamwambia karatasi ipo kwetu, lipa kwanza. Akalipa, akapewa, akarudi kwa meli akachukua begi. Binti mmoja wa nyuma kabisa akasema, "Kumbe karatasi ndiyo mzigo!" Kutoka hapo LC (letter of credit, ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji) iliwachukua robo saa kuielewa. Muuzaji wa Guangzhou hamjui mnunuzi wa Kariakoo, na mnunuzi hamwamini muuzaji, kwa hiyo benki zinasimama katikati: pesa inatoka karatasi zikikamilika na kulingana na masharti. Wakaona wenyewe pia hatari iliyobaki: benki inakagua karatasi, haifungui kontena. Mabegi yakiwa yamechanika ndani, karatasi haitasema.

Halafu hesabu. Begi dola 4 FOB, yaani likiwa limeshapakiwa melini kule. 1,000 ni dola 4,000. Nauli tukaweka 700, bima 50. CIF ikawa 4,750. Ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki unapigwa juu ya CIF, siyo juu ya bei ya kiwandani, na hapo kijana wangu akapata jibu lake: CIF ni bei anayolipwa muuzaji pale alipokubali kubeba nauli na bima, na ndiyo pia msingi ambao forodha wanaanzia kuhesabu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna viwango vinne vya ushuru wa pamoja, kwa asilimia: 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kile cha 35. Tukafanya kwa 25: ushuru dola 1,187.50. VAT asilimia 18 juu ya jumla ya 5,937.50 ni dola 1,068.75. Tozo nyingine ndogo tukaziacha. Jumla 7,006.25. Begi la dola 4 limefika dola 7 na bado halijatoka getini wala kupanda lori.

Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake akisikia nauli za meli zimepanda anajua kwa nini bei ya begi itapanda kwa njia mbili: nauli yenyewe, na ushuru unaopigwa juu ya nauli. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu na nyingi kulazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wanafunzi wangu waliileta habari hiyo darasani wenyewe. Sikuwatuma.

Jambo la mwisho ni lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini mimi huanza na maneno yetu: forodha, shehena, bandari, nahodha, bima, hundi, dalali, ushuru, rehani. Mengi ni ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi, yaliingia pwani kwa jahazi pamoja na bidhaa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Jahazi zilikuja na kaskazi, zikarudi na kusi. Mtoto wa Lindi au Tanga anaambiwa biashara ya kimataifa ni kitu kigeni cha kukariri, na babu zake walikuwa wakiiendesha kabla Vasco da Gama hajaijua njia.

Kwa mtaala ulioboreshwa wa 2023, Business Studies limekuwa somo la lazima sekondari ya chini. Watoto wengi zaidi sasa watakutana na mambo haya. Ninaogopa tutawapa wote maana za kukariri.

Naomba kuwasilisha. Wa bandarini nisahihisheni, na walimu wenzangu mseme mnafanyaje.

---

GatiYaTano

Mwalimu, nakuvulia kofia. Niko kwenye kazi ya wakala wa forodha mwaka wa kumi na nne. Vijana wanakuja kwetu na vyeti vizuri, hawajawahi kushika BL. Wiki ya kwanza tunawafundisha kuisoma kama watoto wa chekechea.

Nina masahihisho matatu.

La kwanza, VAT. Umeijumlisha kwenye gharama ya begi. Kwa mwenye duka ambaye hajasajiliwa VAT uko sahihi, inabaki kwake. Aliyesajiliwa anaidai kwenye ritani yake, kwa hiyo gharama yake ni 5,937.50, begi dola 5.94. Tofauti ya dola moja na senti kwa kila begi. Wafundishe hilo, kwa sababu maduka mawili yaliyopakana, yenye mzigo wa kontena moja, yanaweza kuwa na hesabu tofauti kabisa.

La pili, forodha hawafungwi na ankara yako. Wakiwa na sababu ya kuitilia shaka bei, kuna utaratibu wa kuthaminisha uliokubaliwa na Shirika la Biashara Duniani, una njia sita zinazofuatwa kwa mpangilio, na ya kwanza ndiyo bei uliyolipa. Wafanyabiashara wadogo wengi wanaumia hapa. Muuzaji wa nje anamwambia "nitakuandikia ankara ya bei ndogo", anadhani amesaidiwa. Mzigo unakwama, siku za kukaa na kontena bure zinaisha, gharama za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa kwa dola kila siku, na alichotaka kukwepa kinakuwa kidogo kuliko anacholipa. Kijana wa kidato cha nne akilijua hili mapema, kesho anaokoa mtaji wa ndugu zake.

La tatu ndilo ninalolipenda mwenyewe: waonyeshe msimbo wa HS. Kila bidhaa duniani ina namba, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile Dar, Rotterdam na Shanghai. Sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Waambie watafute korosho. Korosho yenye ganda ni 080131. Iliyobanguliwa ni 080132. Tarakimu moja tu! Sehemu kubwa ya korosho ya Mtwara na Lindi inaondoka kwa namba ya kwanza kwenda India na Vietnam, inabanguliwa kule, na inauzwa Marekani na Ulaya kwa namba ya pili. Kati ya 1 na 2 kuna viwanda, kuna mishahara ya akina mama wanaobangua, kuna mafuta ya ganda, kuna vifungashio. Mimi nikijaza tamko la korosho ghafi kila msimu, nikifika kwenye hiyo 1 roho inaniuma.

---

ChakiNaUbao

Mwalimu mwenzangu, nakuelewa na nakubaliana na nia yako, ila tuzungumze ukweli wa shuleni. Mimi nina wanafunzi 86 kwenye mkondo mmoja. Vipindi viwili kwa wiki. Mtihani unauliza "taja na ueleze hoja tano". Mkuu wa shule anaangalia matokeo, mzazi anaangalia matokeo. Hayo makundi ya benki na meli yatanila wiki tatu, nani atanimalizia mada?

---

MwalimuWaShehena

ChakiNaUbao, swali lako ni la haki na sitaki kukujibu kirahisi. Mimi nina 64. Vipindi vilivyotumika ni vinne tu, siyo wiki tatu, kwa sababu karatasi wanaziandaa nyumbani. Ninachopunguza ni kuandika ubaoni. Zamani nilitumia vipindi sita kunakilisha notisi.

Kuhusu "hoja tano": aliyekataliwa begi kwa kukosa BL huandika kazi za BL bila kukariri, na huzieleza. Hapo kwenye "ueleze" ndipo wetu walikuwa wakianguka. Wanataja tano, wanaeleza moja. Sina utafiti wa kukuonyesha, nina madaftari ya kusahihisha tu, na nimeona tofauti.

GatiYaTano, la VAT nimelichukua. Nilifundisha miaka yote hiyo bila kulitenganisha. Jumatatu naanza kwa kuwaomba radhi, halafu tunarudia hesabu.

---

MamaBelo_Memorial

Jamani walimu, mimi siyo msomi, niliishia la saba, nauza mitumba Moshi. Nimesoma huu uzi wote mwanangu akinisaidia pale penye Kiingereza.

Nataka kusema hivi. Belo nanunua kwa shilingi, lakini bei yake inacheza na dola. Dola ikipanda leo, keshokutwa tajiri wa jumla ananiambia belo limepanda, na wateja wangu hawataki kusikia habari ya dola. Mwanangu ndiye aliyenieleza kwa nini, baada ya kufundishwa shuleni. Miaka kumi na tano nilikuwa najua tajiri ni mchoyo. Sasa nikisikia dola inapanda naongeza mzigo mapema, kama pesa ipo. Mwalimu, endelea hivyohivyo. Watoto wetu wakielewa na sisi tunaelewa.

---

ZiwaMashariki

Hujambo mwalimu, nawasalimu kutoka Kisumu. Nafunza Business Studies, na huku Kenya mada ya biashara ya kimataifa iko kidato cha nne, mwisho mwisho, wanafunzi wakiwa wamechoka na KCSE, mtihani wetu wa taifa, iko mlangoni. Inafunzwa mbiombio.

Kuhusu mitumba, Mama ametukumbusha kisa ambacho mimi hukitumia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo kuukuu kidogo kidogo ili viwanda vyetu vipumue. Wenye biashara ya nguo hizo Marekani wakalalamika, Marekani ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru. Kenya tukarudi nyuma, Tanzania na Uganda pia. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo za Rwanda zikasimamishwa kwenye mpango huo. Mimi huwauliza wanafunzi: ungekuwa waziri, ungefanya nini? Darasa hugawanyika, na wale ambao mama zao wako kwenye masoko ya Gikomba au Kibuye huongea kwa uchungu kweli. Siku hiyo nimewaona wakibishana hadi wakati wa chakula.

Kisa kingine ni mahindi. Machi 2021 mamlaka yetu ya kilimo ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, kukawekwa masharti ya vyeti vya usalama. Hapo ndipo mwanafunzi anaona kwamba ushuru unaweza kuwa sufuri na mzigo bado usivuke. Afya ya mlaji ni jambo la kweli, sumukuvu inaua, hatutanii. Lakini mkulima wa upande wa pili naye amekopa. Lazima darasa liwaangalie wote wawili.

Na tafadhali wafunze cheti rahisi cha uasilia. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umetengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya na bidhaa iko kwenye orodha, unapata cheti hapohapo mpakani, bila ushuru wa forodha. Akina mama wengi wa Busia bado hupita njia za panya wakidhani mlango mkuu ni wa matajiri. Wanapoteza mizigo, na wengine wanadhulumiwa huko vichakani.

---

MzeeWaMizania

Vijana, hongereni. Mimi ni mstaafu, nimefundisha Uchumi kidato cha tano na sita tangu enzi za ujamaa. Naomba msiitupe nadharia kwa kuvipenda sana vitendo.

David Ricardo aliandika mwaka 1817, na mfano wake unaingia kwenye ubao mdogo kabisa. Uingereza, nguo inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka, mvinyo watu 120. Ureno, nguo watu 90, mvinyo watu 80. Ureno ni bora kwa vyote viwili. Mwanafunzi atasema basi Ureno haina haja ya kununua kwa yeyote. Mwambie ahesabu. Kila nchi ikijitengenezea vyote, jumla ni watu 390. Uingereza ikitengeneza nguo tu mara mbili ni 200, Ureno mvinyo tu mara mbili ni 160, jumla 360. Nguo ni zilezile mbili, mvinyo ni uleule mara mbili, na watu 30 wamebaki na nguvu zao. Nimeifundisha zaidi ya miaka thelathini na bado nikifika kwenye hiyo 30 naona raha.

Lakini hapohapo mleteni GatiYaTano na korosho yake. Ricardo anakuambia kila mmoja afanye anachokiweza zaidi leo. Hakuambii utabaki hapo hadi lini. Nchi iliyobaki kwenye 080131 kwa sababu ndicho "inachokiweza" haitajifunza 080132. Mwanafunzi akishika yote mawili kwa pamoja, hesabu ya Ricardo na tarakimu ya korosho, huyo amesoma biashara ya kimataifa.

---

Tumba_Lubumbashi

Jambo sana bandugu. Niko Lubumbashi. Huku kwetu watoto wanaona malori ya shaba kila siku yanaelekea mpakani Kasumbalesa, lakini ukiwauliza yanaenda wapi, wanasema "Zambia". Hapana! Mengi yanapita Zambia, yanaingia Tanzania kwa Tunduma, yanafika Dar, ndipo shaba inapanda meli. Mimi nilijua hiyo nikiwa na miaka 26, nilipofuata lori na mjomba. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa mambo ya bandari za Ulaya. Mwalimu, ukiandika huo mzigo wako vizuri kwa Kiswahili, sisi pia tutaufundisha huku. Badala ya begi tutaweka shaba, na njia itageuka: kutoka kwetu kwenda baharini.

---

EcaMwakaHuu

Shikamooni wakubwa. Mimi niko kidato cha sita, ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Nimefurahi kuusoma uzi huu ila nina wasiwasi. Ndugu zangu wanasema ningesoma sayansi, eti biashara ni ya waliokosa. Je, kazi ya forodha ina njia gani kwa mtu kama mimi? Na ni lazima uwe na mtu ndani?

---

GatiYaTano

Marahaba mdogo wangu. Nani kakuambia ni ya waliokosa? Tazama chakula ulichokula leo, ngano ya mkate na mafuta ya kupikia, uone ni vingapi havikupita mikononi mwa mtu aliyesoma unachosoma.

Njia zipo. Kuna Chuo cha Kodi, pale Dar, wanafundisha forodha na kodi. Kuna CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, iko tangu 1965. Na kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, ambacho mitaala yake ni ya pamoja kwa nchi za Jumuiya, kwa hiyo ukikipata unaeleweka Mombasa na Kigali pia. Kuwa na mtu ndani nimeona kukiwasaidia wengine kuingia, siwezi kukudanganya. Ila anayebaki kwenye kazi hii ni yule anayesoma karatasi mpaka mwisho. Tamko moja likikosewa msimbo, mteja anatozwa faini na wewe unampoteza. Mimi niliingia kama mbeba mafaili. Jifunze kuandika barua pepe ya Kiingereza iliyonyooka na ujue Excel kwa kweli. Wachina wengi sasa wanataka na Kichina kidogo, kama unaweza, anza.

---

ChakiNaUbao

Nimerudi. Nimesoma hadi hapa chini na nimejaribu hesabu ya mabegi na kidato cha tatu leo, kipindi kimoja, bila makundi. Tulifanya ya 25 pamoja, ya 35 nikawaachia. Watatu walinifuata ofisini wakati wa mapumziko na jibu: 7,566.75 kwa asiyesajiliwa, 6,412.50 kwa aliyesajiliwa. Mmoja akaniuliza nani anaamua bidhaa ipi iwe 25 na ipi iwe 35. Sikuwa na jibu zuri. Mwalimu, hizo karatasi za makundi unazo mahali? Nitajaribu na mkondo mmoja kwanza.

---

MwalimuWaShehena

Majibu yao ni sahihi kabisa, wapongeze kwa niaba yangu.

Huyo aliyeuliza nani anaamua, mwambie hivi: mawaziri wa nchi wanachama wanakaa katika Baraza lao, na kila mwaka kabla ya bajeti nchi hupeleka maombi, mengine ya kupandisha ushuru ili kulinda kiwanda, mengine ya kushusha ushuru wa malighafi. Mwezi Juni waambie wanafunzi wasikilize hotuba za bajeti, watasikia bidhaa zikitajwa moja moja. Mimi huwapa kazi ya kuandika tatu.

Karatasi ninazo za mkono, nitazipiga picha. Ila ningependa zifanane na za kweli. GatiYaTano, unaweza kutupatia nakala za mzigo wa zamani, ukafuta majina ya mteja, TIN, namba ya kontena na kila kinachomtambulisha? Na Tumba, nitumie hatua za shaba kama mjomba wako anavyozijua, tuandike mzigo wa pili.

---

GatiYaTano

Ninao mzigo wa vyombo vya jikoni, kamili tangu profoma hadi hati ya kutolea getini. Nitamwomba ruhusa mwenye mzigo kwanza. Akikubali, Ijumaa jioni naweka hapa, ukurasa mmoja mmoja, na chini ya kila mmoja nitaandika ni nani anautoa, nani anaupokea, na nini kinatokea ukikosekana.

---

MamaBelo_Memorial

Na mimi niwekeni kwenye orodha ya watakaosoma. Mwanangu atanisaidia.